Mchoro wa moyo usomwe, usikaririwe

Kuna dhana iliyozagaa miongoni mwa wanafunzi wetu wa tiba na uuguzi kwamba kusoma elektrokadiogramu, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ni kipawa cha wachache waliojaliwa jicho kali. Kwa sababu hiyo, wengi hukesha wakikariri picha za vitabuni: huu ni wa mshtuko wa moyo, ule ni wa mapigo yaliyovurugika. Mtihani huenda wakaupita. Hata hivyo, wakishaingia wodini hugundua kwamba ni nadra mgonjwa kuleta mchoro unaolingana sawasawa na ule waliouhifadhi kichwani.

Dai langu ni kwamba mchoro huo ni maandishi, na maandishi husomwa kwa kanuni. Mwanafunzi afunzwe kupima kabla ya kutaja jina la ugonjwa. Wala suala hili si la mabingwa wa moyo pekee. Afisa wa kliniki au muuguzi wa zamu ya usiku, mbali na miji mikubwa, huenda akawa mtu wa kwanza kuishika karatasi hiyo, na kauli yake ndiyo itakayoamua iwapo mgonjwa atapewa rufaa au ataambiwa arudi nyumbani.

Elimu hii ina asili yake. Mnamo mwaka 1887, Augustus Waller alionyesha jijini London kwamba umeme wa moyo wa binadamu waweza kunaswa bila kupasua kifua. Mwanzoni mwa karne ya 20, Willem Einthoven wa Uholanzi aliunda chombo cha kuunakili kwa usahihi zaidi. Chombo hicho kilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, na mgonjwa alilazimika kutumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Kazi hiyo ilimpa Einthoven Tuzo ya Nobel mwaka 1924. Ndiye pia aliyeyapa mawimbi ya moyo majina ya P, Q, R, S na T tunayoyatumia hadi leo. Herufi hizo huwatisha wanafunzi bure, kwani hazina siri yoyote. Maana imo katika vipimo.

Karatasi ya mchoro imepigwa miraba. Kwa kawaida hupita mashinini kwa kasi ya milimita 25 kwa sekunde. Kwa hivyo mraba mdogo wa milimita moja ni sekunde 0.04, na mraba mkubwa, wenye upana wa midogo mitano, ni sekunde 0.2. Kimo cha wimbi huonyesha nguvu ya umeme: milimita 10 ni milivolti moja. Wimbi P ni umeme unaoenea katika vyumba vya juu vya moyo. Mawimbi QRS ni umeme unaoenea katika vyumba vya chini, vile vinavyosukuma damu mapafuni na mwilini. Wimbi T ni vyumba hivyo vya chini vikijiandaa kwa pigo lijalo. Nyaya 10 zinazobandikwa kifuani, mikononi na miguuni huiwezesha mashine kuutazama moyo mmoja kutoka pembe 12.

Walimu wa Kiswahili wataelewa upesi ninalokusudia. Mwanafunzi anayepewa shairi la arudhi hufunzwa kuhesabu mishororo, kupima mizani, na kutazama vina vya kati na vya mwisho. Mshororo ukipungukiwa na mizani, sikio lake hushtuka kwa kuwa anajua idadi aliyoitarajia. Mchoro wa moyo nao una arudhi yake. Kwa mtu mzima, kutoka mwanzo wa P hadi mwanzo wa QRS ni miraba midogo mitatu hadi mitano. Upana wa QRS yenyewe kwa kawaida haufiki miraba midogo mitatu. Kila QRS hutanguliwa na P yake. Anayeijua desturi hii ndiye atakayetambua pale moyo ulipoikiuka, hata kama hajawahi kuuona mfano wake kitabuni.

Basi msomaji aanze wapi? Aanze na jina la mgonjwa, tarehe na saa, kwa maana mchoro sahihi wa mtu mwingine ni hatari kuliko kukosa mchoro. Atazame kasi ya karatasi na kipimo cha nguvu. Kisha ahesabu mapigo: yakiwa na mpangilio sawa, agawe 300 kwa idadi ya miraba mikubwa iliyo kati ya R moja na inayofuata. Miraba minne humpa mapigo 75 kwa dakika. Mpangilio ukiwa si sawa, ahesabu QRS zilizomo katika sekunde 10, azidishe kwa sita. Hapo ndipo atakapoendelea na P, nafasi ya P hadi QRS, upana wa QRS, sehemu iliyo kati ya S na T, na hatimaye T yenyewe. Ikiwapo karatasi ya zamani ya mgonjwa huyo huyo, ailinganishe na hii mpya.

Faida ya utaratibu huu huonekana wodini. Chukua mgonjwa ambaye vilango vya moyo wake viliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Msomaji makini ataona QRS zinazofuatana bila mpangilio wowote, na P hazionekani kabisa. Vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kupiga. Damu yaweza kuganda humo, na bonge lake kupanda ubongoni na kuleta kiharusi. Au chukua mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi. Mawimbi T yaliyorefuka na kuchongoka, P zilizofifia na QRS zilizopanuka zaweza kumwambia msomaji kwamba potasiamu imezidi damuni na moyo wakaribia kusimama, hata kabla ya majibu ya maabara kufika.

Wapo watakaosema kwamba mashine za siku hizi huandika tafsiri zenyewe juu ya karatasi, hivyo hakuna haja ya kusumbuka. Hoja hii ina ukweli nusu. Mashine hupima haraka na haichoki. Lakini mgonjwa anayetetemeka kwa baridi aweza kuifanya ione mapigo yaliyovurugika pasipokuwapo. Nyaya za mikono zikibadilishana mahali, mawimbi ya pembe ya kwanza hupinduka chini juu, na asiyejua kusoma atamzushia mgonjwa ugonjwa asio nao. Zaidi ya hayo, mshtuko wa moyo unaoanza waweza kutoonekana katika mchoro wa kwanza. Mashine itaandika kwamba hali ni ya kawaida, ilhali mgonjwa angali anashika kifua. Huyo hastahili kuruhusiwa kwenda. Anastahili kupimwa tena na tena.

Wengine watadai kwamba kupima miraba kunapoteza wakati. Ni kweli kwamba mwenye maumivu ya kifua anapaswa kupimwa na mchoro wake kusomwa katika dakika 10 za kwanza, na pale jicho huenda kwanza kwenye mpangilio wa mapigo na ile sehemu ya S hadi T. Hata hivyo, wepesi huo ni tunda la mazoezi. Aliyezoea utaratibu huumaliza kwa muda mfupi, ilhali aliyezoea kukisia hukisia maisha yake yote. Wahenga walinena kwamba mwenda pole hajikwai.

Kwa hivyo nawasihi wakufunzi mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi aandike alichokiona na alichokipima kabla ya kuruhusiwa kuandika anachokidhani. Pili, maneno ya mashine yafunikwe hadi amalize kusoma, ndipo ayalinganishe na yake. Tatu, watahini watoe alama kwa vipimo na hoja, kwani anayetuza jina la ugonjwa pekee anafuga ukariri ule ule anaoulalamikia.

Nanyi wanafunzi, someni angalau mchoro mmoja kila siku, hata ule usio na kasoro. Asiyeijua sura ya moyo mzima hataweza kuuona ulio mgonjwa. Karatasi hiyo mnayokabidhiwa usiku wa manane ni kauli ya mtu ambaye pengine hana nguvu za kusema. Msiiweke kwenye faili kabla ya kuisoma.