Vifaranga, Baridi na Betri ya Gari

Hapa Kisian, pale barabara ya Busia na ya Bondo zinapoachana, kazi yangu ni umeme wa magari na kuchaji betri. Wateja wangu wengi wa jioni si madereva, ni wavuvi wa omena kutoka Ogal na Usoma, na huja kwa wingi siku za giza, mwezi unapokosekana. Zamani walikwenda ziwani na karabai za mafuta ya taa. Siku hizi wengi wanatumia taa za LED, na betri moja iliyojaa huwafikisha alfajiri. Watu wakaizoea betri, wakaiamini kuliko stima ya nyumbani. Ndiyo maana masika yakianza, wafugaji wa kuku huniuliza swali moja: "Fundi, kama betri inawasha taa usiku kucha, mbona isiwashe hita ya vifaranga?"

Silipuuzi swali hilo. Anayeuliza ameshatoa pesa za vifaranga mia, na stima imepotea. Kifaranga wa siku moja ana malaika tu, hana manyoya ya kumkinga. Wiki ya kwanza anataka joto la nyuzi 32 hadi 35, kisha unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki. Usiku wa mvua hapa kwetu hauwezi kumpa hilo, na ukipanda Maseno ni baridi zaidi. Stima ikikatika saa nane za usiku, asubuhi unawakuta wamelundikana kona moja, wa chini wamekosa hewa.

Kwa hiyo huwa nachukua chaki tuhesabu pamoja. Betri ya volti 12 iliyoandikwa 70Ah ubavuni, ukizidisha, inabeba wati-saa 840. Lakini hiyo ni betri mpya iliyojaa, tena hesabu ya 70 kwa kawaida hupimwa kwa kutoa umeme polepole, kwa saa 20. Ukiinyonya kwa kasi inatoa pungufu. Na ukiipenda betri yako huishushi chini ya nusu. Zimebaki kama wati-saa 420.

Taa ya LED ya wati 10 ikiwaka saa 12 imekula wati-saa 120, kwa hiyo mvuvi anarudi na akiba. Sasa weka balbu ya joto ya vifaranga, ile nyekundu ya wati 250. Inverta, inayobadili umeme wa betri uwe kama wa stima, nayo inapoteza kidogo njiani, kwa hiyo betri inatoa ampea 23 hivi. Saa moja na nusu, nusu ya betri imekwisha. Kuanzia saa moja usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi utahitaji betri saba au nane za namna hiyo, na kesho yake zote zirudi kwangu kuchajiwa. Hita ya feni ya wati 1,000 haimalizi hata nusu saa.

Kuna wanaofikiri shida ni inverta ndogo, wakanunua kubwa. Inverta haiongezi umeme, inaubadilisha tu. Kubwa inaleta hatari nyingine, nayo iko kwenye nyaya. Wati 1,000 kwenye stima ya volti 240 ni ampea 4 na kidogo, lakini kwenye volti 12 ni ampea 83, mara 20 zaidi. James Joule, Mwingereza aliyechunguza jambo hili miaka ya 1840, alionyesha kwamba joto ndani ya waya hukua kwa mraba wa mkondo. Mara 20 ya mkondo katika waya uleule ni mara 400 ya joto. Nimeona plastiki ya waya ikitiririka, na maranda ya kuku yako hapo chini yanangoja cheche. Hata tundu la kuwashia sigara ndani ya gari mara nyingi lina fyuzi ya ampea 10 au 15, kwa hiyo vihita vinavyochomekwa pale kwa kawaida havivuki wati 180 hivi.

Tena betri ya gari imeumbiwa kazi nyingine. Bamba zake za risasi ni nyembamba na nyingi, zitoe mamia ya ampea kwa sekunde chache za kupiga stata, halafu altaneta irudishe kilichotoka. Ukiikausha kila usiku, bamba hushika ugumu na betri inakufa mapema. Watengenezaji wa magari wenyewe wanalijua hili. Joto la ndani ya gari la petroli au dizeli kwa kawaida linatoka kwenye maji yanayopoza injini, si kwenye betri.

Kilo moja ya makaa ina joto karibu mara kumi ya betri nzima ya 70Ah. Kwa hiyo namwambia mfugaji, "Mama, weka jiko." Jiko la udongo na bati, lizungushiwe wavu vifaranga wasiungue, makaa yashike vizuri nje kabla ya kuingizwa. Na dirisha la juu libaki wazi, hili nalisisitiza kila mara. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, inayoua vifaranga na kumuua pia mtu aliyelala nao akiwalinda. Msilale humo.

Ila ninayopenda zaidi kufundisha ni bruda, yaani boksi la kulelea vifaranga, isiyo na moto. Kifaranga mwenyewe anatoa joto, kazi yako ni kulizuia lisitoroke. Tengeneza boksi lenye kuta mbili, katikati shindilia nyasi kavu, juu weka kifuniko cha gunia lililojazwa nyasi, ukiacha matundu ya hewa. Idadi iendane na nafasi: wakiwa wachache mno hawapashani joto, wakizidi wanabanana. Betri ibaki na kazi inayoiweza, LED ndogo nje ya boksi ili uwaone.

Ukiwasha taa hiyo usiku, watazame. Wakikumbatiana wakilia, wana baridi, ongeza nyasi juu. Wakikimbilia kuta midomo wazi, inua kifuniko kidogo. Ukiwakuta wametawanyika wamelala, kimya, usiguse kitu.