Adhuhuri ya Mtoto Asiyechangiwa

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, ambayo ndiyo pia inayoviwekea masharti vituo vya kulelea watoto mchana, imekihesabu chakula kuwa cha kwanza katika mambo ambayo mtoto humdai mzazi au mlezi wake, kikitangulia makazi, mavazi na matibabu. Na kwa sababu hiyo kila kanuni inayotungwa juu ya sahani ya mtoto, iwe katika darasa la awali la shule ya Serikali au katika kituo cha mtu binafsi, hugusa mahali penye maumivu. Uingereza iliyaona hayo mwaka 1971, Margaret Thatcher, Waziri wa Elimu wa wakati huo, alipowaondolea maziwa ya bure wanafunzi waliopita umri wa miaka saba, lawama ikamwandama hata alipokuwa Waziri Mkuu.

Sisi tuliyaona Januari 2018. Rais John Magufuli, baada ya kusikia vilio vya wazazi ambao watoto wao walifukuzwa shule kwa kukosa michango ilhali elimu ilikwisha kutangazwa kuwa bila malipo tangu Januari 2016, alipiga marufuku michango yote. Amri hiyo ilikuwa ya insafu, lakini walimu wakuu wengi, kwa kuchelea vyeo vyao, wakaogopa kugusa hata mahindi ya makande ambayo wazazi wenyewe walikuwa wameafikiana, na majiko yakazimika.

Mwezi Machi 2024 ghadhabu ilizuka kwa upande mwingine. Mchele ulioongezwa virutubishi ulipoletwa kutoka Marekani, pamoja na maharage na mafuta, kwa ajili ya shule za Dodoma, watu wengi waliuliza kwa ukali imekuwaje nchi inayowauzia jirani zake mchele ipokee mchele wa hiba, na wengine wakaingiwa na shaka hata ya sumu. Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, akasema heri fedha hizo zinunue mazao ya wakulima wetu na virutubishi viongezwe hapa hapa. Naona alinena haki. Lakini watu wa mkoa wetu wa Mara wana la kuongeza, maana shule za Musoma, Bunda na Butiama zilipata kula chakula cha msaada wa Marekani kwa mkono wa shirika la Project Concern International, na walioshuhudia wanajua kwamba kila mradi huandikiwa siku ya kukoma.

Huko vijijini Butiama na Bunda, mzazi asiye na shilingi aghalabu huweza kuleta debe la mahindi au mzigo wa kuni, na shule yenye ardhi huweza kulima, kama alivyotaka Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967. Mukendo, kata ya mjini Musoma, haina nafasi hiyo. Hapa mahindi hununuliwa, mkaa hununuliwa, hata dagaa wa ziwa lililo karibu hununuliwa, na mchango hugeuka fedha taslimu kwa mchuuzi wa samaki, mwendesha bodaboda na mama lishe, ambao riziki yao huja kwa siku na pengine isije kabisa.

Kanuni ninayoikataa kwa moyo wangu wote ni ile isemayo kwamba asiyechangiwa asile. Najua mpishi hapiki makande kwa maneno matupu, na mzazi anayelipa ana haki ya kuudhika akimwona jirani mwenye uwezo anakwepa. Lakini ni dhuluma kumtwika mtoto wa miaka mitano deni la watu wazima, akakaa pembeni akiwatazama wenzake wakipokea bakuli, kisha akatakiwa arudi darasani kuhesabu moja hadi kumi pamoja nao kana kwamba hapakutokea jambo.

Deni hilo lina mwenyewe, naye anajulikana mtaani. Kamati ya shule imfuate sokoni au nyumbani kwake, imsikilize. Akiwa anacho na hataki kutoa, mwenyekiti wa mtaa amwite. Akiwa hana, wazazi wenzake waigawane sehemu yake kwa azimio la mkutano, bila jina lake kutajwa mbele ya watoto. Mazungumzo hayo yaweza kuchukua wiki nzima, na katika wiki hiyo yote mtoto wake sharti apakuliwe kama wenzake.