Panya Buku wa Morogoro na Darasa la Watoto wa Mbwa

Ukiwa huku ughaibuni ukachukua mtoto wa mbwa, daktari wa mifugo hakawii kukuuliza umemwandikisha darasa gani. Wengi wetu tuliokulia Tanzania hushangaa. Mbwa wa nyumbani tuliyemjua alishinda bandani, akafunguliwa usiku, akabweka. Kwa hiyo darasa tunaliona ni mambo ya Wazungu. Mimi nasema elimu hiyo iko kwetu pia, tena Morogoro wanaifanya kwa ustadi wa hali ya juu.

Pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, chini ya milima ya Uluguru, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000. Mbelgiji Bart Weetjens na wenzake ndio walioanzisha shirika hilo, mwaka 1997. Panya wenyewe ni hawahawa wanaobeba chakula mashavuni, ambao mkulima akiwasikia huwaza karanga zake. Wakifundishwa, hunusa mabomu yaliyotegwa ardhini, na wengine hutambua kifua kikuu kwenye makohozi ya wagonjwa.

Lakini kabla ya kunusa chochote kuna hatua ambayo wageni wengi hawaitilii maanani. Kitoto cha panya kikishafungua macho, kwenye wiki ya nne au ya tano, mkufunzi hukibeba mkononi, hukitembeza kwenye nyasi, hukipandisha gari na kukizoeza sauti za watu. Bomu bado halijatajwa. Panya aliyeikosa hatua hii, hata awe na pua kali namna gani, atajikunyata injini ikiwaka.

Kwa mbwa, jambo hili lilielezwa vizuri na John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi kule Maine, Marekani, na kutoa kitabu mwaka 1965. Walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi, mtoto wa mbwa huwa tayari kuzoea watu, wanyama na vitu vigeni. Muda huo ukipita, kumzoesha huwa kazi ngumu. Hata hivyo shule za mbwa ziliendelea kungoja afikishe miezi sita, kisha akanyooshwa kwa mnyororo shingoni. Ni miaka ya 1980 ndipo Ian Dunbar, daktari wa mifugo Mwingereza aliyehamia California, alipoeneza madarasa ya watoto wa mbwa wanaocheza bila kamba.

Utii nao unafundishwa kwa njia ileile ya Morogoro. Mkufunzi ana kidude cha kubonyeza kinacholia “tik”. Panya akifanya sawasawa, kinalia, kisha anapewa ndizi au karanga. Mlio unahitajika kwa sababu chakula huchelewa kidogo, na mnyama akilipwa kwa kuchelewa hajui amelipwa kwa lipi. Mbwa akikalisha makalio chini unapomwambia “kaa”, mlio unamwambia papo hapo kwamba ndicho hicho. Fimbo haina nafasi hapa. Panya Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alikwenda Kambodia akagundua mabomu ya ardhini zaidi ya 70, na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Watu walitembea juu ya ardhi aliyoikagua, wakiamini pua ya mnyama aliyefundishwa kwa vipande vya ndizi.

Swali ninaloulizwa sana ni la chanjo. Je, si hatari kumtoa mtoto wa mbwa nje kabla hajamaliza sindano zote? Mwaka 2008 madaktari wa tabia za wanyama wa Marekani walishauri aanze darasa kwenye wiki ya 7 au 8, mradi amepata chanjo ya kwanza angalau siku saba kabla, na darasa liwe mahali safi. Kule nyumbani Tanzania, kama hakuna darasa, mshikeshike makucha, masikio na mdomo, wageni wampe chakula, asikie bodaboda. Kichaa cha mbwa bado kinaua Tanzania, na siku ya kampeni ya chanjo kijijini, mbwa asiyeshikika hubaki nyumbani bila sindano.