Amfetamini na Jina "Dawa za Kulevya": Mirungi na DOM katika Elimu ya Afya, Bariadi, Mkoa wa Simiyu

Mkoani Simiyu, kama kwingineko nchini Tanzania, mirungi na amfetamini zote huitwa "dawa za kulevya". Jina hilo huficha tofauti za kifamakolojia. Katinoni ya mirungi huongeza dopamini na noradrenalini, hivyo huchangamsha. DOM, amfetamini iliyotengenezwa na Alexander Shulgin nchini Marekani katika miaka ya 1960, huamsha vipokezi vya serotonini aina ya 2A na kuleta maono. Athari yake huchelewa kuanza. Mwaka 1967, mjini San Francisco, watumiaji walioidhania hafifu waliongeza vidonge, wakazidiwa kwa saa nyingi. Kwa hiyo, mhudumu wa afya wa Bariadi anahitaji istilahi zinazotenganisha kichangamshi na kileta-maono, kwani hatari zake hazifanani.