Kuweka Mwamba wa Bahari Ndani ya Nyumba

Tamaa mpya imeingia katika nyumba za mijini, nayo ni kuweka sebuleni tangi la kioo lenye maji ya chumvi, na ndani yake mawe ya mwamba, matumbawe yaliyo hai na samaki wadogo wa rangi. Vijana huona picha zake katika simu, kisha huwaandama wazazi wao mchana na usiku. Wazazi nao hutuuliza sisi walimu wa chuoni: Je, jambo hili lafaa, au ni mali ya kutupwa?

Upande wa sharia jawabu si refu. Anas bin Malik (R.A.) alikuwa na ndugu mdogo aitwaye Abu Umair, na mtoto huyo alikuwa na kidege chake cha kuchezea. Kidege kikafa, naye Mtume wetu (S.A.W.) akawa akimwuliza habari zake kwa mzaha wa kumliwaza. Wanavyuoni wametoa katika kisa hiki ruhusa ya kufuga ndege kwa kumfurahisha mtoto, na samaki hayuko mbali na ndege. Lakini iko hadithi nyingine sahihi, waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, asimpe chakula, wala asimfungulie ajitafutie mwenyewe. Basi ruhusa ipo, na sharti lake lipo. Na samaki ana hatari zaidi kuliko paka, kwani paka mwenye njaa hulia hata jirani akasikia. Samaki hufa kimya.

Kwa hiyo tumeona tueleze kazi yenyewe ilivyo, mzazi apate kujua anaingia katika nini kabla ya kutoa fedha.

Jambo hili si geni sana. Mwaka 1832 mwanamke wa Kifaransa, Jeanne Villepreux-Power, alitengeneza masanduku ya kioo huko Sicily apate kuwachunguza viumbe vya bahari, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki kwa watu wote. Hata hivyo viumbe vya mwamba vilikuwa vigumu sana kuishi majumbani. Aliyeonyesha njia nyepesi ni Lee Chin Eng wa Jakarta, nchi ya Indonesia, aliyeandika mwaka 1961 jinsi alivyotumia maji ya bahari, mawe ya mwamba yenye uhai, mwanga wa jua na mapovu ya hewa. Hakuwa na mitambo mikubwa. Mawe ndiyo yaliyokuwa mtambo wake, na mpaka leo ndiyo moyo wa kazi hii.

Na tufahamu kwa nini. Samaki hutoa uchafu, na chakula kisicholiwa huoza. Humo hutoka amonia, nayo ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo. Mwenyezi Mungu ameumba bakteria, vijidudu visivyoonekana kwa macho, vikaavyo juu ya mawe na ndani ya vitundu vyake. Kundi moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo haiwafai samaki. Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo, na hiyo huondolewa kwa kubadili maji. Katika tangi jipya vijidudu hivi ni vichache mno. Yataka wiki 4 hadi 6, na pengine zaidi, ndipo viongezeke vya kutosha. Muda huo wote tangi lina maji, mchanga na mawe tu. Mwenyewe hutia chembe ya chakula ikaoze, kisha hupima maji kwa dawa za matone zinazobadili rangi. Amonia hupanda, kisha hushuka. Nitriti hupanda, kisha hushuka. Zote mbili zikifika sifuri ndipo maji yameiva.

Hapa ndipo wengi huanguka. Kijana hununua tangi Ijumaa, Jumamosi akatia samaki watano, na wiki ya pili wote wako chali juu ya maji. Husikia watu wakinong'ona kwamba nyumba ile ina kijicho. Si kijicho, ni amonia. Mzazi asiyeweza kumzuia mwanawe kwa mwezi mmoja na nusu mbele ya kioo kisicho na kitu, heri asianze. Nasi twaona kwamba mwezi huo wa kungoja ndio wenye faida kubwa zaidi kwa mtoto katika shughuli yote hii.

Jambo la pili ni ukubwa wa tangi. Wengi hudhani kwamba tangi dogo ni jepesi kutunza, na kweli ni kinyume chake. Tufanye hesabu. Maji ya bahari yana chumvi kiasi cha gramu 35 katika kila lita. Maji yakikauka kwa joto, chumvi haiendi nayo; hubaki. Tangi la lita 60 lina gramu 2,100 za chumvi. Zikikauka lita 3, zitabaki lita 57, na kila lita itakuwa na gramu karibu 37, viumbe vitavumilia. Lakini tangi la lita 20 lina gramu 700, na zikikauka lita hizo hizo 3, kila lita itakuwa na gramu 41. Huo ni msiba. Basi kwa anayeanza twasema lita 60 zisipunguzwe. Meza iwe madhubuti, maana maji, kioo na mawe pamoja hufika karibu kilo 80. Na maji yaliyokauka hurudishwa kwa maji baridi safi yasiyo na dawa ya bomba, wala si kwa maji ya chumvi. Atiaye maji ya chumvi kila siku huzidisha chumvi juu ya chumvi.

Akaaye pwani aweza kuteka maji baharini. Ayateke maji yanapojaa, mahali safi, mbali na bandari, mito na mifereji ya mji, wala asiteke baada ya mvua kubwa za masika. Wa bara hununua chumvi maalumu ya matangi. Chumvi ya jikoni haifai hata kidogo, kwa kuwa haina kalisi na magnesi za kutosha, na matumbawe hujenga mifupa yake kwa kalisi.

Matumbawe, watu wengi hudhani ni mawe au mimea. Ni wanyama, wadogo wadogo, walioshikamana maelfu pamoja, na ndani ya miili yao hukaa mwani usioonekana kwa macho, unaowapikia chakula kwa mwanga. Kwa hiyo huhitaji taa yenye nguvu kwa saa 8 hadi 10 kila siku, kisha giza. Mwezi wa Ramadhani, nyumba inapokesha, watoto huiacha taa ya tangi ikiwaka mpaka daku. Hilo halifai, kwani viumbe hawa nao wana usiku wao. Joto liwe kati ya digrii 25 na 27. Likizidi 30 kwa siku nyingi, matumbawe huufukuza ule mwani, yakawa meupe, na mengi hufa. Mwaka 1998 bahari yetu ya Afrika Mashariki ilipata joto la namna hiyo, na sehemu kubwa za miamba zikafa. Lililoweza kuishinda bahari pana litashindwaje na kisanduku kilichowekwa karibu na dirisha la magharibi?

Katika lita 60 wanatosha samaki wadogo wawili, na konokono wachache wa kula mwani. Watoto tangu filamu ile ya mwaka 2003 humtaka yule wa rangi ya machungwa mwenye mikanda myeupe. Huyo yafaa, na bora achukuliwe aliyezaliwa katika matangi, wala si aliyetolewa mwambani. Mwenziwe wa buluu, jamaa ya kangaja, hafai, kwa sababu hukua hata kiasi cha sentimita 30. Na jambo moja mzazi alijue: yule wa machungwa hufika miaka 20 akitunzwa vizuri. Mtoto wa miaka minane aombaye leo atakuwa na umri wa kuoa, na samaki angali anangoja kulishwa. Je, akienda masomoni nani atashika zamu? Swali hili liulizwe kabla ya kununua, na jibu lisiwe "mama", kama mama hakuulizwa.

Kazi ya kila siku ni ndogo: kulisha kidogo, kile kiliwacho kwa dakika mbili, kutazama joto, na kurudisha maji yaliyokauka. Kila wiki hubadilishwa lita 6. Familia ikisafiri siku mbili au tatu, samaki wazima hawatakufa kwa njaa. Jirani mkarimu amwagaye kopo zima la chakula ni hatari kuliko njaa. Umeme ukikatika, iwepo pampu ndogo ya hewa ya betri. Waya ziachwe zining'inie chini ya tundu la umeme kisha zipande, ili tone la maji lisizifuate. Dawa ya mbu ya kupuliza isitumiwe chumba hicho, maana hewa ya pampu huipeleka moja kwa moja majini, ikaua kamba na kaa. Mikono yenye sabuni au attari isitiwe ndani. Vitu vya shaba navyo visiguse maji hayo, kwani shaba ni sumu kwa wasio na uti wa mgongo.

Kuna wanaoyang'oa matumbawe wenyewe pwani inapokupwa. Hilo twalikataza. Yale makubwa ya mviringo hukua kiasi cha sentimita 1 kwa mwaka, na avunjaye kipande cha ukubwa wa kichwa huvunja kazi ya miaka mingi iliyokuwa makazi ya samaki ambao wavuvi wetu huwategemea. Malindi na Watamu zililindwa kwa sheria tangu 1968, Kisiwa cha Chumbe tangu 1994, na Mafia tangu 1995. Na mkataba wa CITES, uliotumika tangu 1975, umeyaweka matumbawe yote ya mawe katika orodha ya viumbe visivyopitishwa mipaka kwa biashara bila kibali. Anunuaye amwulize muuzaji kilikotoka, na asipojibiwa vizuri aondoke.

Huwa mwenye tangi huchoka, au huhama. Asiwamwage viumbe baharini kwa kudhani anawahurumia. Samaki mwenye mapezi ya miiba ya sumu, mwenyeji wa bahari za Hindi na Pasifiki, alionekana Florida mwaka 1985, na wataalamu hushika kwamba alitoka katika matangi ya watu. Sasa ameenea Karibi yote, akila samaki wadogo wa huko. Kilicho bora ni kumpa mfugaji mwingine, pamoja na mawe yake na maji yake, katika ndoo yenye mfuniko, safari ifanywe asubuhi kabla ya jua kukolea.