Mwarobaini unaua bakteria, lakini je, ni salama kuunywa?

Mti huu unaitwa mwarobaini kwa sababu unaaminika kutibu maradhi arobaini. Asili yake ni Bara Hindi, lakini kwetu umeota hadi kwenye nyua za shule. Maabara nyingi zimeupima, na majani yake yameonyesha uwezo wa kuzuia baadhi ya bakteria. Basi kwa nini hospitali haitupatii vidonge vya mwarobaini?

Tuanze na jinsi unavyopimwa. Majani huanikwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa kwenye maji au spiriti ili dawa itoke. Mtaalamu huchukua kisahani chenye chakula cha bakteria, kitu laini kama jeli kinachotokana na mwani, na kupaka juu yake bakteria, kwa mfano wale wanaosababisha majipu. Halafu huweka kikaratasi cha duara, upana wa milimita 6, kilicholoweshwa dawa ile. Kisahani hulala kwenye joto la nyuzi 37, sawa na la mwili. Kesho yake, kama dawa imefanya kazi, kikaratasi huwa kimezungukwa na sehemu safi isiyo na bakteria, nayo hupimwa kwa rula. Kando yake huwekwa kikaratasi chenye antibiotiki inayojulikana, na kingine chenye spiriti tupu, maana spiriti yenyewe huua vijidudu.

Hapo ndipo wengi hushangilia mapema. Hata jiki huua bakteria, na hakuna anayeinywa! Kisahani hakina ini, figo wala mimba.

Kwa hiyo hufuata vipimo vya sumu. Kimoja, ambacho hutumika pia Muhimbili, Dar es Salaam, ni cha kamba wachanga wa maji chumvi, wadogo mno. Hukaa ndani ya dawa kwa saa 24, kisha waliokufa huhesabiwa. Baadaye panya hupewa dozi mbalimbali kwa wiki kadhaa, na damu, ini na figo zao huchunguzwa. Binadamu huja mwisho, tena kwa ridhaa yake.

Mwarobaini umeshatoa onyo. Mwaka 1981 madaktari wa Malaysia waliripoti watoto wachanga walionyweshwa mafuta ya mbegu zake: walitapika, wakasinzia, wakapata degedege. Kwa panya, dawa za mti huu zimeharibu mimba. Majani na mbegu si dawa moja, ingawa mti ni mmoja. Na ukiambiwa unywe kikombe kimoja kutwa mara mbili, bado hujaambiwa ni majani mangapi, wala yachemke kwa muda gani.

Mtoto asinyweshwe mafuta hayo, na mjamzito asinywe mwarobaini. Anayetumia dawa za kisukari ajue kuwa majani yake yanaweza kushusha sukari zaidi. Ukienda zahanati, mweleze mhudumu umekunywa nini, sehemu gani ya mti, na kwa siku ngapi, kabla hajakuandikia dawa nyingine.