Meli Nyingi, Zamu Moja: Upimaji wa Mitetemo Majini na Mfuko wa Mtumiaji

Msomaji wa Mbuba, Rulenge au Biharamulo anaweza kuuliza, na ana haki ya kuuliza, kwa nini kijitabu cha mtumiaji kimpeleke baharini ilhali bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja kutoka nyumbani kwake. Jibu letu linahusu fedha. Sehemu ya umeme wa gridi ya taifa, gridi ambayo sasa inapita Nyakanazi, huzalishwa kwa gesi asilia. Gesi hiyo haikuonekana kwa macho. Ilitafutwa kwa sauti, nyingine chini ya sakafu ya bahari, na gharama ya kuitafuta haiishii kwenye vitabu vya kampuni iliyoitafuta. Kwa sehemu, hurudi kwetu.

Kabla ya kueleza inavyorudi, hatuna budi kueleza kazi yenyewe.

Mtu akisimama juu ya kilima akapiga ukelele, kilima cha ng'ambo humrudishia mwangwi. Akiwa na subira ya kupima muda kati ya ukelele na mwangwi, anaweza kukadiria umbali wa kilima hicho. Upimaji wa mitetemo majini hufuata kanuni hiyohiyo. Meli hukokota mitungi ya hewa iliyobanwa, nayo hupasua hewa hiyo majini kwa ghafla, mara moja katika kila sekunde kumi hivi. Mlio huo husafiri majini kwa mwendo wa karibu mita 1,500 kwa sekunde, ukapenya sakafu ya bahari, na kila tabaka la mwamba hurudisha mwangwi wake. Mwangwi hupokewa na maelfu ya vinasa sauti vilivyofungwa ndani ya kebo ndefu zinazokokotwa nyuma ya meli. Wataalamu hupanga mwangwi hizo, mstari baada ya mstari, hadi wapate picha ya miamba iliyo kilomita kadhaa chini.

Sasa turudi kilimani. Wakisimama watu watatu vilima vitatu, kila mmoja akapiga ukelele anapopenda, hakuna atakayetambua mwangwi wake. Hapo ndipo uratibu unapoanzia.

Meli kuu ya upimaji haifanani na meli nyingine yoyote. Katika upimaji wa pande tatu hukokota kebo nane, kumi na mbili au zaidi, kila moja ikiwa na urefu wa kilomita sita hadi nane, zikiwa zimeachana kwa mita mia moja hivi na kuzama mita chache tu chini ya uso wa maji. Mwisho wa kila kebo pana boya lenye taa. Kwa hiyo mkia wa meli hii una upana wa kilomita moja na urefu wa kilomita nane, na sehemu kubwa yake haionekani. Mwendo wake ni noti nne hadi tano, yaani kilomita nane au tisa kwa saa, kasi ya mtu anayekimbia taratibu. Haiwezi kusimama ghafla, kwa kuwa kebo hushikiliwa katika nafasi zake na mwendo wenyewe. Meli ikipunguza kasi mno, kebo huzama au kusukana. Wala haiwezi kukata kona upesi. Anayefahamu lori lenye tela linaloteremka kuelekea daraja la Rusumo amekwisha kuelewa nusu ya tatizo. Nusu ya pili ni kwamba tela hili halionekani.

Kwa sababu hiyo meli kuu haitembei peke yake. Mbele yake huenda meli moja au mbili ndogo za ulinzi, ambazo kazi yao ni kutazama njia, kuzungumza na wavuvi na kuondoa vizuizi. Ipo meli ya huduma inayoleta mafuta, chakula na watumishi wa zamu, na inayoweza kuikokota meli kuu injini ikizimika. Miaka ya maharamia iliongeza nyingine: Oktoba 2011, meli ya kuchimba visima iitwayo Ocean Rig Poseidon ilishambuliwa ikiwa katika bahari ya Tanzania, na tangu hapo hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini shughuli za bahari kuu zilihitaji walinzi wenye silaha. Pale ambapo wataalamu wanataka kuuangaza mwamba kutoka pembe nyingi, huongezwa meli za kutoa mlio tu, zisizo na kebo za kupokea. Meli hizo hupasua hewa kwa kupokezana, kila moja ikisubiri sekunde zake, saa zao zikiwa zimelinganishwa kwa setilaiti. Na pale ambapo kuna jukwaa la kisima ambalo mkia wa kilomita nane hauwezi kulizunguka, meli mbili huenda sambamba, moja upande huu wa jukwaa ikitoa mlio, nyingine upande wa pili ikipokea mwangwi uliopita chini ya jukwaa hilo.

Nani huamua? Kila upimaji huwa na msimamizi mmoja wa shughuli ndani ya meli kuu, na nahodha wa kila meli hubaki na dhamana ya usalama wa chombo chake. Kila siku hutolewa mpango wa saa zinazofuata: mstari upi utapimwa, nani atakuwa wapi, nani atapisha. Ikiwa kampuni mbili zinapima vitalu vya jirani, mlio wa moja unaweza kuchafua vinasa sauti vya nyingine hata zikiachana makumi ya kilomita. Hapo huandikiana ratiba ya kugawana muda. Mmoja hupima wakati mwenzake anageuza meli au anatengeneza vifaa. Ni makubaliano ya kawaida, lakini yasipowekwa mapema kila upande hupoteza siku nzima ukimlalamikia mwenzake.

Tuitazame hasara hiyo kwa hesabu ndogo. Mstari wa kilomita 50 huchukua takriban saa sita kupimwa. Mwisho wa mstari, meli hugeuka kwa saa tatu hivi ili kuanza mstari wa pili, na katika saa hizo haipimi kitu. Ikiwa kilomita za mwisho zimekutwa na nyavu ambazo hakuna aliyetoa taarifa zake, mstari hukatwa, meli huzunguka na kuurudia sehemu iliyokosekana. Jarife lililonasa kwenye kebo huleta balaa zaidi: mvuvi amepoteza mtaji wake, na meli imelazimika kuvuta kebo ndani na kuitengeneza. Pande zote mbili zimepata hasara kwa kukosa mazungumzo ya dakika kumi redioni.

Hasara ya meli hulipwa na nani? Hapa tunaomba msomaji atusikilize kwa makini, kwa kuwa ndiyo sababu ya makala hii. Utafutaji wa mafuta na gesi nchini hufanywa chini ya Mikataba ya Uzalishaji na Ugawanaji Mapato, ambayo Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania (TPDC) huiingia na kampuni. Kampuni hutoa fedha zake. Isipogundua chochote cha kibiashara, hasara ni yake peke yake. Ikigundua, gharama za utafutaji huingizwa katika daftari la gharama zinazorejeshwa, nazo hulipwa kutokana na gesi au mafuta yanayozalishwa, kabla ya faida kugawanywa kati yake na taifa. Mkataba wa mfano wa mwaka 2013 unaweka kikomo: baada ya kutoa mrabaha, si zaidi ya asilimia 50 ya kinachozalishwa itumike kurejesha gharama. Kikomo hicho huzuia gharama zisimeze kila kitu kwa mwaka mmoja. Hakiifuti gharama, kinachobaki husogezwa mbele.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni tu, kundi la meli linagharimu dola 200,000 kwa siku, na siku kumi zimepotea kwa uratibu mbaya. Dola milioni mbili zimeingia katika daftari pasipo hata mstari mmoja wa ziada kupimwa. Gesi ya kuzilipa itatolewa kwanza, na fungu la faida ambalo taifa lingelipokea litasubiri. Mamlaka ya Udhibiti wa Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA), iliyoanzishwa kwa Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, hukagua gharama hizi. Ukaguzi ni kinga ya lazima, ila kwa maoni yetu ni rahisi zaidi kuzuia siku ipotee kuliko kubishana miaka kadhaa baadaye kama siku hiyo ilipotea kwa sababu halali.

(Wapo wanaotuuliza kama ugunduzi wa baharini utashusha bei ya mtungi wa kupikia. Gesi ya mtungi ni nyingine. Huagizwa kutoka nje na kushushwa katika bandari kama za Tanga na Dar es Salaam. Gesi asilia yetu husafirishwa kwa bomba.)

Si bahari tu inayohusika. Maji yaliyo karibu na msomaji wetu ambako upimaji wa aina hii umefanyika ni pamoja na Ziwa Tanganyika. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walilipima kwa mitetemo, na mwaka 2012 kampuni ya Beach ya Australia ilipima kusini mwa ziwa mistari yenye jumla ya zaidi ya kilomita 2,000. Meli ya baharini haifiki huko. Vifaa husafirishwa kwa barabara na kufungwa kwenye vyombo vya ziwani, na uratibu huwa mgumu kwa namna yake: usiku maji hujaa mitumbwi ya wavuvi wa dagaa wakiwa na taa zao, na ziwa linamilikiwa na nchi nne. Dagaa hao hao hupita Kasulu, Kibondo na Kakonko hadi Nyakanazi, wakafika sokoni Ngara. Eneo la uvuvi likifungwa kwa wiki mbili bila mpango, mnunuzi wa kisado huliona kwenye bei kabla hajasikia neno upimaji.

Kwa hiyo mtumiaji afanye nini? Mwenye hisa katika mtumbwi, au mwenye ndugu anayevua, ahakikishe chombo kimesajiliwa, leseni ni hai, na idadi ya nyavu inajulikana kwa kikundi cha usimamizi wa mwalo (BMU) kabla upimaji haujaanza. Dai la fidia lisilo na kumbukumbu hizo ni gumu kuthibitishwa. Zana zikiharibiwa, aandike siku, saa, mahali na jina la chombo kilichohusika, apige picha, kisha atoe taarifa kwa BMU na afisa uvuvi wa halmashauri mapema iwezekanavyo. Aliye majini aijue alama ya kimataifa ya chombo kisichoweza kupisha. Mchana ni maumbo matatu meusi yaliyopangwa wima: tufe, umbo la almasi, tufe. Usiku ni taa tatu zilizopangwa vivyo hivyo: nyekundu, nyeupe, nyekundu. Akiiona, asipite nyuma ya meli hiyo kwa kudhani njia ni nyeupe. Mkia unaweza kuwa bado kilomita nane.

Mfanyabiashara wa dagaa naye aulize ratiba kwa wenyeji wake wa mwaloni kabla ya kulipa gari. Tangazo la upimaji hubandikwa mwaloni na kusomwa redioni; tungependa kuona likibandikwa pia katika masoko ya Kasulu na Nyakanazi, na msomaji anayetaka hivyo anaweza kulisema katika mikutano ya wadau inayoitishwa wakati wa tathmini ya athari kwa mazingira, ambako maoni ya mwananchi huandikwa na kampuni hutakiwa kuyajibu.